Tunu, Laras na Kaka Mmoja

Tunu alikuwa na kaka mmoja tu. Aliitwa Hemedi, lakini Tunu hakumwita Hemedi. Alimwita Kaka.

Nyumbani kwao Tanga, ni mtu mmoja tu aliyemwita Kaka. Nani huyo? Tunu!

Tunu alikuwa kitinda mimba. Hakuna mtoto aliyezaliwa baada yake. Kwa hiyo Kaka alikuwa wake peke yake, kuanzia nywele mpaka kucha za miguu.

Ukimuuliza, atakuambia hivi:

"Kaka ni wangu mimi. Simgawi, simtoi!"

Siku moja Mama, Kaka na Tunu walipanda ndege. Vuuuuu! Walikwenda mbali, mpaka Jakarta, mji mkuu wa Indonesia. Mama alikuwa na mkutano wa wauguzi huko.

Mkutano ukaisha. Ikabaki siku moja kabla ya kurudi nyumbani. Mama akasema, "Leo hakuna kulala. Leo tunaliona jiji!"

Asubuhi, mlangoni pa hoteli, alikuja mama mmoja mwenye kofia ya njano. Jina lake Ratih. Kazi yake ilikuwa kutembeza wageni.

Nyuma ya sketi yake kulikuwa na mtoto mdogo. Jicho moja likachungulia. Kisha la pili.

"Huyu ni binti yangu, Laras," yule mama alisema. "Bibi yake anaumwa mgongo leo, ndiyo maana nimekuja naye." Alisema kwa Kiingereza, na Mama akawafasiria watoto.

"Hakuna shida, Mama Laras," Mama akasema. Tangu hapo wote wakamwita Mama Laras, na yeye akalipenda sana jina hilo.

Tunu alikuwa na miaka sita. Laras alikuwa na mitatu. Alimwangalia Tunu. Akamwangalia Kaka. Juu, juu, juu, mpaka usoni, maana Kaka alikuwa mrefu. Halafu akatabasamu na kusema:

"Kakak!"

Masikio ya Tunu yakasimama.

"Kaka!" Kaka mwenyewe akacheka. "Mmesikia? Ameniita kaka!"

Neno lile lilikuwa na k kidogo mkiani. Lakini Tunu hakuijali ile k. Yeye alisikia kaka. Kaka, basi!

"Kaka ni wangu mimi," akasema. "Simgawi, simtoi!"

Lakini Laras hakujua Kiswahili. Akaja, tiki tiki tiki, akamshika Kaka mkono.

Barabarani zikaja gari mbili ndogo za bluu, zenye magurudumu matatu. Trrr-tutututu! Trrr-tutututu!

"Bajaji!" Kaka akapaza sauti.

"Bajaj!" Laras naye akapaza sauti.

Kumbe na huko Jakarta bajaji huitwa hivyo hivyo! Kaka na Laras wakatazamana, wakacheka.

Tunu hakucheka. Ile bajaji ni ya kwetu, aliwaza. Ya kwetu Tanga.

Bajaji moja haikuwatosha wote. Laras akamng'ang'ania Kaka kama gundi. Kwa hiyo Kaka akapanda na Laras na Mama Laras. Tunu akapanda na Mama.

Trrr-tutututu! Magari, pikipiki, majumba marefu. Mama akasema, "Tazama, Tunu! Tazama kule!" Tunu hakutazama kule. Alitazama bajaji ya mbele. Aliona visogo viwili vikitikisika kwa kucheka.

Roho ikamuuma, loh!

Walifika kwenye mnara mweupe, mrefu ajabu. Juu kabisa kulikuwa na moto wa dhahabu usiozimika, maana si moto wa kweli. Chini palikuwa na bendera nyekundu na nyeupe. Upepo ukaipeperusha, papapapa!

"Hapa tunaita Monas," Mama Laras akaeleza. "Na ile ni bendera."

"Bendera!" Kaka akaruka. "Hata sisi tunasema bendera!"

"Bendera!" Laras akaruka.

"Bendera!" Kaka.

"Bendera!" Laras.

Wakaruka, wakaruka, mpaka watu wakageuka. Halafu Kaka akambeba Laras mabegani ili aone vizuri.

Mabegani! Mahali pale pale ambapo Tunu hukaa siku za sherehe!

Tunu akanuna. Unaujua mdomo wa kununa? Hebu nuna kidogo tuone. Basi hivyo hivyo, ila zaidi. Ungeweza kutundika kikapu pale.

"Kaka ni wangu mimi," akanong'ona. "Simgawi, simtoi!"

Jua likawa kali. Mzee mmoja alipita akisukuma toroli la matunda. Mlikuwa na mapapai. Mlikuwa na matikiti. Mlikuwa na mananasi ya njano yaliyokatwa vipande.

"Nanas," Mama Laras akasema.

Haya! Na nanasi nalo!

Mama akamnunulia kila mtoto pakiti yake. Nyam nyam nyam. Nanasi lilikuwa tamu, majimaji yakawachuruzika mpaka kwenye viwiko.

Sasa sikiliza. Kaka akila kitu chochote, kipande cha mwisho huwa cha Tunu. Iwe chungwa, iwe andazi, iwe mshikaki. Ndivyo ilivyo nyumbani kwao. Tunu akasogea karibu. Akafungua mdomo, aaaa.

Kaka alikuwa anaongea. Kaka hakuangalia. Kipande cha mwisho akampa Laras.

Tunu akafunga mdomo, tap.

Kwanza ametuchukulia bajaji, aliwaza. Halafu bendera. Halafu nanasi. Maneno yetu yote! Na sasa anamchukua Kaka.

Machozi yakamjaa machoni. Hakutaka yaonekane, kwa hiyo akatazama juu, kwenye moto wa dhahabu.

"Tunu," Kaka akasema, "una wivu."

"Sina!"

"Unao."

"Sina, sina, sina!"

Lakini alikuwa nao. Mwingi. Ulimjaa tumboni, ukapanda kifuani, ukafika kooni ukakwama hapo.

Wakaenda kuuona msikiti mkubwa. Mkubwa hasa! Mama Laras alisema unaitwa Istiqlal. Mlangoni watu huvua viatu.

Viatu vya Laras vilikuwa na vifungo vidogo vidogo. Vidole vyake vikashindwa. Kaka akachuchumaa akamfungua. Kimoja, cha pili.

"Na mimi nivue, Kaka!" Tunu akasema. Akaketi chini, akanyoosha miguu.

"Tunu! Hizo ni kandambili."

"Zimebana!"

Kaka akacheka tu. Tunu akazivua mwenyewe, hazikuwa zimebana hata kidogo.

Walipotoka, Mama Laras akaonyesha ng'ambo ya barabara. Palikuwa na jengo la zamani lenye minara iliyochongoka.

"Na ile ni gereja," akasema.

Tunu akasikia. Mdomo wa kununa ukatoweka. Macho yakang'aa.

"Gereza?" akauliza. "Lile pale ni gereza?"

Akafikiri kidogo. Akamvuta Mama gauni.

"Mama, waulize. Gereza lao linafunga watoto wanaochukua kaka za watu?"

Mama akacheka! Akacheka mpaka akashika ukuta. Alipomweleza Mama Laras, na yeye akacheka mpaka kofia ya njano ikaanguka.

"Si gereza, mwanangu," Mama akasema, akijifuta machozi. "Ni kanisa. Kwao gereja ni kanisa. Neno linafanana na letu, lakini maana yake si ile."

"Aa," Tunu akasema. Mdomo ukarudi ulipokuwa.

Mchana walifika mji wa kale. Palikuwa na uwanja mpana wa mawe na nyumba nyeupe za zamani. Na baiskeli! Baiskeli za waridi, za bluu, za njano, za kijani. Kila baiskeli ilikuwa na kofia yake ya rangi ile ile.

"Za kukodisha," Mama Laras akasema. "Chagueni."

Kaka akachagua ya kijani. Akavaa kofia ya kijani. Nyuma ya baiskeli kulikuwa na kiti kimoja tu.

Kimoja tu!

Tunu akakimbia. Lakini Laras alikuwa ameshafika. Alikuwa amenyoosha mikono juu. "Kakak! Kakak!"

"Laras ni mdogo, tuanze na yeye," Kaka akasema. "Halafu wewe, Tunu. Sawa?"

Si sawa. Si sawa hata kidogo! Tunu ndiye mdogo. Siku zote mdogo ni Tunu!

Kring kring! Wakaenda. Kring kring! Wakazunguka uwanja. Laras alicheka kwa sauti nyembamba, na mikono yake ilimshika Kaka kiunoni. Tunu akasimama juani, mikono imekunjwa.

Kring kring! Wakarudi.

"Haya Tunu, panda!"

"Sipandi."

"Zamu yako hii."

"Sitaki. Nenda na mdogo wako."

Akasusa. Akaenda kuketi kwenye ngazi za mawe, akawapa mgongo wote.

Kaka alisubiri kidogo. Akaita tena mara moja. Kisha akaenda kuzunguka peke yake, polepole, bila kupiga kengele.

Mama na Mama Laras walikuwa hapo karibu, wananunua madafu. Laras akaja, tiki tiki tiki, akaketi kwenye ngazi, karibu na Tunu.

Tunu akasogea kule.

Laras akasogea kule kule.

Tunu akasogea tena. Laras naye akasogea tena. Ngazi ikaisha.

"Kaka ni wangu mimi," Tunu akamwambia. "Simgawi, simtoi!"

Mara, dum! Dum! Dum-tak-dum!

Watu wakapisha. Kwenye kona ya nyumba likatokea dude kubwa. Lilikuwa refu kupita Mama, refu kupita mlango! Uso mwekundu. Macho ya duara. Nywele za karatasi zinazometameta, zimesimama wima!

Dum! Dum! Dum-tak-dum! Likaja likiyumba, huku na huku, huku na huku.

Ilikuwa ngoma ya mjini hapo. Watu wazima walipiga makofi. Lakini Laras hakupiga makofi.

"Kakak!" akalia. "Kakak!"

Tunu akageuka kumtafuta Kaka. Kaka alikuwa upande wa pili wa uwanja, na kofia yake ya kijani ilionekana ndogo.

"Kaka hayupo," Tunu akasema. "Yuko kule. Mwite kule!"

Lakini Laras hakutazama kule. Alimtazama Tunu. Machozi yalimtiririka. Alinyoosha mikono yake miwili, kwa Tunu.

"Kakak!"

"Mimi?" Tunu akasema.

"Kakak!" Na Laras akajitupa kifuani pake, puu!

Dum! Dum! Dude likasogea. Tunu naye aliogopa. Miguu yake ilitaka kukimbia. Lakini angekimbiaje na mtoto amemning'inia shingoni?

Hakuwahi kuning'iniwa na mtu. Yeye ndiye mning'iniaji siku zote.

Tunu akamkumbatia Laras. Akamshika kwa nguvu. Akakaza macho, akalitazama lile dude, kuanzia juu, uso mwekundu. Chini, nguo za rangi. Chini zaidi, chini kabisa.

Miguu! Miguu ya mtu! Na ilikuwa imevaa kandambili!

Kandambili moja ilikuwa ya bluu. Nyingine ilikuwa nyeusi.

"Laras, tazama!" Tunu akaonyesha kwa kidole. "Tazama miguu! Ni mtu! Amevaa kandambili, tena hazifanani!"

Laras hakuelewa maneno. Lakini kidole alikielewa. Akachungulia kwa jicho moja. Kisha la pili.

Akaona kandambili. Akakoma kulia. Akacheka, hi! Tunu akacheka, hi hi! Wakacheka wote wawili mpaka wakapata kwikwi.

Kaka akaja mbio, baiskeli inayumba, kring kring kring! Mama na Mama Laras nao wakaja mbio, madafu mkononi.

"Njoo, Laras, njoo kwangu," Kaka akasema, amenyoosha mikono.

Laras akatikisa kichwa. Akabaki kwa Tunu.

"Mama," Tunu akasema, "huyu mtoto kachanganyikiwa. Mimi msichana, na yeye ananiita kaka!"

Mama akamuuliza Mama Laras. Mama Laras akaeleza, na Mama akafasiri taratibu.

"Kwao, kakak ni mtoto aliyekutangulia kuzaliwa. Awe wa kiume, awe wa kike, ni kakak tu. Ni neno la heshima."

Tunu akafikiri.

"Kama gereza?" akauliza.

"Ndiyo, kama gereza. Linafanana, lakini si lile."

"Kwa hiyo hakumchukua Kaka?"

"Hakumchukua. Alikuwa anamheshimu tu."

"Kwa hiyo Kaka bado ni wangu?"

Kaka akailaza baiskeli chini. Akachuchumaa mbele yake. "Bado ni wako, Tunu. Na lile nanasi, nilisahau. Samahani, mdogo wangu."

Kile kilichokuwa kimekwama kooni kikashuka. Kikashuka kifuani, kikashuka tumboni, kikaenda zake.

Tunu akamtazama Laras aliyekaa mapajani pake. Nywele zake zilinukia nanasi.

"Mimi ni mkubwa wake," Tunu akasema polepole. Hakuwa amewahi kuwa mkubwa wa mtu yeyote.

Wakanywa madafu. Tunu alimshikia Laras dafu lake kwa mikono miwili, lisimwagike. Lilimwagika kidogo, kwenye gauni la Tunu. Tunu hakununa.

Halafu akapanda baiskeli ya kijani nyuma ya Kaka. Kring kring! Wakazunguka uwanja mara nyingi mpaka Kaka akahema.

Jioni ikafika. Bajaji mbili zikaja, trrr-tutututu!

"Nani anapanda na nani?" Mama akauliza.

"Mimi na Laras!" Tunu akasema. Wakapanda hao wawili, na Mama Laras akaketi kando yao. Laras akasinzia kwenye mkono wa Tunu. Mkono ukaingia ganzi. Tunu hakuutoa, na njia nzima hakusogea.

Mlangoni pa hoteli, Laras akaamka. Wakaagana. Bajaji ikaanza kuondoka. Laras akatoa kichwa nje, akapunga mkono wote mpaka begani.

"Dadah!" akaita. "Dadah, Kakak! Dadah!"

Tunu akaruka juu. "Mama! Ananiita dada! Umesikia? Dada!"

Mama Laras akacheka, akapaza sauti kutoka kwenye bajaji. Mama akafasiri.

"Mwanangu, kwao dadah ni kwaheri. Anakuaga."

"Haya," Tunu akasema. Lakini yeye alikuwa amesikia dada. Akapunga mikono yote miwili.

"Kwaheri, mdogo wangu!" akaita. "Dadah! Dadah!"

Trrr-tututu... tutu... tu. Bajaji ikapotea.

Baadaye wakaoga, wakala, wakapanda vitandani. Mama akawafunika shuka. Tunu kitanda hiki, Kaka kitanda kile.

Kaka hakupata usingizi.

"Mimi hakunipungia," Kaka akasema.

"Nani?"

"Laras. Asubuhi yote nimembeba. Mabega yananiuma. Halafu anakupungia wewe tu."

Tunu akaketi kitandani. Akamtazama Kaka vizuri. Lo, mdomo ule!

"Kaka, una wivu."

"Sina!"

"Unao."

"Sina, sina!" Kaka akageukia ukutani.

Tunu akacheka mpaka kitanda kikatikisika. Kisha akashuka, akapanda kitandani kwa Kaka, akamkumbatia shingoni.

"Usinune, Kaka," akamnong'oneza. "Laras tutamgawana. Wewe asubuhi, mimi jioni."

Kaka akafikiri kidogo. "Na mchana?"

"Mchana tutambeba wote."

Kaka akakubali, na Mama akazima taa.